Mstari Uliopita Juu ya Machi

Jumatatu, 6 Mei 1996
Bwana Urbano, mkuu wangu wa ofisi, kanipa kazi: niandike mwongozo wa Kiswahili wa ile programu ya kuchora grafu, kwa makarani wasiowahi kugusa kompyuta. Kitabu kilichokuja na mashine kinasema na wanaojua tayari! Nimeanza chini kabisa — hii ndiyo swichi, hiki ndicho kipanya, usiogope. Kwa mfano nimechukua mvua za kijijini kwetu Ilongero, alizopima kaka yangu Chediel hadi alipofariki mwishoni mwa Februari. Nilitaka awe nami kazini.

Jumatano, 8 Mei
Leo nimeogopa. Machi haina vipimo. Wakati wa matanga yake, mwezi mzima, wazee walikuwa wanamwaga maji ya kile kipimo cha mvua — chombo cha marehemu hakiachwi na maji. Mvua ilinyesha, ikaishia mchangani. Aprili akaanza kupima mkewe, wifi Marietha. Basi nikabonyeza, mashine ikavuta mstari kutoka Februari hadi Aprili bila kusita, kama mtu anayeendelea na kazi yake. Nikazima, nikawasha. Bado upo. Bwana Urbano anasema grafu imetoka safi.

Jumamosi, 11 Mei
Ilongero. Nimemwamkia Mama, nikampa Marietha karatasi ya grafu. Akaweka kidole: hapa ni lini? Machi, wifi. Kumbe alipima, akasema. Nikamweleza ni mashine tu imeunganisha. Akasema asubuhi anasikia mfuniko wa kipimo ukifunguliwa, akitoka hakuna mtu. Hakulia. Aliniomba nisimkate mumewe, akaibandika karatasi juu ya kitanda. Nimerudi mjini.

Jumapili, 12 Mei
Kanisani. Mahubiri sikuyasikia.

Jumatatu, 13 Mei
Nimeandika ukurasa wa tisa. "Siku isiyopimwa usiweke sifuri. Sifuri maana yake tulipima, mvua haikunyesha. Acha wazi, kisha ondoa alama ya vema kwenye kisanduku cha kuunganisha nukta." Nikajaribu mwenyewe. Mstari ukakatika. Nimelia palepale ofisini. Bwana Urbano anataka ukurasa uondolewe, eti wafadhili hawapendi grafu yenye tundu. Ukiondolewa, wilaya zote zitachora mvua ambayo hakuna aliyeipima. Ukibaki, Marietha atasema nimemzika kaka mara ya pili. Sijui!

Jumanne, 14 Mei
Mafunzo. Ukurasa sikuuondoa. Na wapima mvua wameitwa pia — Marietha kakaa mbele, pembeni ya Theresia, karani wa Manyoni; Theresia ndiye aliye kwenye kompyuta. Tumefika ukurasa wa tisa, mstari wa Ilongero uko kwenye skrini. Theresia anauliza: dada, hii alama niiondoe? Nimesema subirini kidogo, najifanya natafuta kitu, naandika haya nyuma ya mwongozo. Marietha ananiuliza kwa Kinyaturu, lugha ya kwetu, polepole, nikimtoa mumewe hapo atakaa wapi. Kamshika Theresia mkono, kipanya hakisogei. Theresia hajui Kinyaturu. Anauliza tena, niondoe?