Makochi Yanaondoka Saa Nne

Mama watoto,

Benki haitupi mkopo wa nyumba mpaka tumalize deni la makochi na deni la pikipiki. Afisa amenipigia leo asubuhi, ulipokuwa umempeleka mdogo shule.

Jana ulipoyataja yale madeni mbele yake, nilikukanyaga mguu chini ya meza, kisha nikakununia mpaka tukalala. Kumbe yote alikuwa nayo kwenye kompyuta. Kaniambia, “Mzee, nilitaka tu kuona kama mtasema. Mshukuru mkeo.” Haya, nakushukuru. Usinirudishie maneno haya kila siku.

Tukilipa mwezi huu, anatupitisha. Na tutalipa. Nyumba ile ni yetu.

Mwenye duka la samani anakuja saa nne. Anayachukua makochi, tunamalizana. Toa kwanza penseli za watoto zilizozama kwenye mito. Mkubwa akinuna, mwambie atakaa sakafuni sasa, chumba chake mwenyewe kinakuja.

Pikipiki nimeondoka nayo. Mnunuzi ananisubiri karakana, na pesa yake inakwenda benki moja kwa moja.

~~Cherehani itoe barazani, kuna mtu ataipitia jioni.~~

Nimefuta. Najua ulijitolea kuiuza kwa moyo mweupe, lakini cherehani haiuzwi. Ifunike, iache pembeni.

Gesi imebaki kidogo, usiiache chai ichemke mpaka kesho.

Kwa hiyo nyumba imetugharimu makochi matatu, pikipiki moja na mguu wako wa kushoto. Huo nitaukanda jioni, nikishafika kwa miguu yangu.

Baba watoto