Suruali Isiyo na Pindo

Kaka yangu mpenzi,

Mimi sijambo, ila mgongo unanung'unika. Kila asubuhi nikishakunywa chai naburuta cherehani hadi barazani, napiga soga na kinyozi wa jirani. Ananitania eti mimi nimestaafu lakini cherehani haijaambiwa.

Nimekushonea suruali ya kijivu kwa vipimo vyako vya zamani. Binti yangu akanicheka: "Baba, kwani baba mkubwa hajazeeka? Si ataikanyaga hiyo!" Basi pindo sijalikunja. Nataka usimame mbele yangu kama zamani, ukilalamika kwamba nakuchoma.

Siku hizi uzi natungiwa. Daktari anasema jicho la kulia limekwisha, na la kushoto linafuata.

Njoo, kaka, nikupime wakati bado nakuona.

Mdogo wako, anayekungoja na pini mdomoni.