Mawe Meusi ya Shamba la Mama Wanjiru

Sagana, 9 Juni 1966

Mke wangu mpendwa, Mama Chao,

Leo ni mwaka mmoja na miezi minne tangu niondoke nyumbani. Mimi mzima, ila mgongo unauma na baridi ya huku haizoeleki. Barua yako ilinifikia. Nimefurahi kusikia Chao amepona homa. Je, mama anatembea sasa, au mguu bado?

Nimechelewa kujibu kwa sababu moyo ulikuwa mzito. Nitakueleza.

Unajua kazi yetu ni kutafuta jiwe la madini. Ni jeusi, dogo, lakini ukilishika ni zito kama risasi. Mawe meusi ya bure ni mengi, ndiyo maana mtaalamu alitufundisha kulisugua juu ya kigae cheupe. Likiacha mstari mweusi wenye wekundu kidogo, ndilo. Tulianza kuyaokota katika kijito kinachoingia Mto Sagana, tukapanda nacho polepole. Pale yanapokoma kuonekana majini, unaacha kijito na kutazama juu ukingoni, maana yameporomoka kutoka hapo karibu.

Yalikoma chini ya shamba la mama mmoja anayeishi peke yake, Mama Wanjiru. Aliniona nimeinama njiani kwake, akacheka.

"Wewe Mtaita, ni hiyo unatafuta? Hiyo iko mingi hapa kwangu, inaharibu jembe. Kuja uone."

Akanipeleka migombani. Alikuwa ameyarundika hapo kila alipolima. Nikasugua moja, nikasugua la pili. Ndiyo yenyewe. "Chukueni yote," akasema, "mtakuwa mmenisaidia." Akatupa uji, na nyapara wetu Kariuki akanitania, "Ati Mtaita amepata jiwe na mama mkwe siku moja!" Nilicheka pamoja nao.

Tulichimba shimo, kisha lingine. Mwamba mweupe unaobeba mawe hayo ulikwenda moja kwa moja mpaka chini ya nyumba yake. Wenye kazi wakapata kibali, wakamwonyesha mahali pengine pa kuhamia, ng'ambo ya barabara ya Karatina. Ni ardhi nzuri, hata mimi nilimwambia. Akakataa. Ndipo nikajua kwamba mumewe alichukuliwa na lori wakati wa hali ya hatari ya mkoloni na hajarudi. Yeye mwenyewe alihamishiwa kijiji cha kulindwa na askari, na nyumba ikachomwa. Alipoachiliwa alijenga pale pale, mlango ukatazama kule kule.

"Wenzake walirudi," Kariuki alimwambia kwa upole. "Huyu, mama, harudi."

"Wewe ulimzika?"

Kariuki akatikisa kichwa.

"Basi niache. Yeye anajua hapa. Huko ng'ambo ataniuliza kwa nani?"

Jumatatu ya wiki iliyopita chifu alikuja na askari. Mama hakupiga kelele. Tulibeba nguzo na mlango, mimi nikabeba kitanda chake kichwani. Lakini mafiga yake matatu aliyaacha pale uwanjani, na moto mkubwa katikati.

"Mama, na mafiga?" nikamuuliza.

"Wacha. Akikuja leo, akute moto."

Kesho yake asubuhi nilipewa sururu. Kariuki alionyesha mahali pa kuanzia kwa ncha ya kiatu, hakunitazama. Nikayaondoa mafiga kwa mikono yangu, Mama Chao, na yalikuwa bado yana joto. Chini yake mawe meusi yalijaa kuliko mahali popote tulipochimba. Mtaalamu alinishika mkono kwa furaha.

Sasa wanasema kazi itakuwa ya miaka mingi, na mimi wataniandika wa kudumu. Najua umekuwa ukiliombea jambo hilo. Nimekataa, usinikasirikie. Kila nikiinua sururu namwona mama yule akipanda njia na kurudi. Huja kila siku, husimama kando ya shimo letu, hututazama usoni mmoja mmoja, kisha huenda zake.

Msalimie mama, na kaka yako fundi wa baiskeli, na jirani anayekusaidia kuteka maji. Chao mwambie baba anamletea shuka nzito ya huku.

Nitafanya kazi mpaka mwisho wa mwezi huu, halafu nipande gari moshi. Natarajia kufika Jumamosi ya kwanza ya Julai. Usije kunipokea stesheni. Kaa nyumbani, njia naijua.

Mumeo,
Mwakio, Baba Chao