Anaeli Yuko Manowarini

Jumatatu, 3 Machi 1913

Ndizi tangu asubuhi. Nimemenya, nimepasua, nimetandaza juani. Zikauke kabla masika hayajaanza. Vidole vyote vyeusi kwa utomvu.

Ni za Anaeli. Mwanangu anatia makaa kwenye tanuri la manowari ya Wadachi, mwaka wa pili sasa. Alikwenda kufanya kazi ya reli. Wenzake waliijenga mpaka Moshi, yeye akageukia baharini. Ananiambia huko ni wali na samaki kila siku. Basi namkaushia ndizi, azitwange, apike uji wa kwao.

Jioni Nai amekuja kunisaidia kugeuza. Ni mchumba wa Anaeli, anakaa ng'ambo ya kijito. Hasemi sana. Napenda kufanya kazi na mtu asiyesema sana.

Leo nina raha.

Alhamisi, 6 Machi

Ng'ombe wa Anaeli amezaa. Ndama jike, ana baka jeupe begani. Nimelala zizini, mgongo unauma, sijali.

Miche yake ya kahawa nimeipalilia yote. Akirudi asikute msitu. Sijui kuendesha meli, lakini shamba lake nalijua.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Mahubiri marefu. Nimesinzia kidogo.

Tulipotoka, Baba Nai alinisimamisha njiani. Kuna mtu wa kijiji cha Sakina, mwenye ng'ombe wengi, ameleta asali kwake. Anamtaka Nai. Baba Nai hakuificha. Alisema, "Mama Anaeli, binti yangu hatazeeka akingoja mtu anayekaa juu ya maji."

Nikamwambia ng'ombe wa mahari alishawapokea. Akasema ng'ombe hurudishwa.

Nimerudi nyumbani na hasira. Nimekata majani ya ng'ombe mengi kuliko yanayohitajika.

Jumatatu, 10 Machi

Mchana mpagazi mmoja alipita akitoka Kikatiti. Aliomba maji. Alipojua mimi ni nani, akaharakisha kujitwika mzigo wake. Nikamlazimisha aseme.

Amesikia sokoni kwamba mtoto wa Kimeru ameunguzwa na mvuke katika manowari. Tanuri lilipasua bomba. Jina hajui. Habari imeletwa na Mchaga aitwaye Petro, wa meli hiyohiyo, aliyeko likizo kwao Moshi.

Watoto wa Kimeru manowarini ni wangapi? Mimi namjua mmoja.

Sikulia. Nimesahau kukamua. Ndama amefaidi.

Jumanne, 11 Machi

Habari imeshavuka kijito. Baba Nai amewaambia watu kwamba mtu aliyeungua hawezi kulima, na huenda hata hayupo tena. Mtu wa Sakina atarudi Jumamosi.

Nimeamua. Kesho naenda Moshi kumtafuta Petro. Jirani atakamua. Nachukua ndizi, asali na kibuyu cha samli. Kama Anaeli yu hai, atakula. Kama hayupo, sijui nitampa nani.

Nimemwita Nai kando ya kijito nikamwambia wazi: "Mwanangu, mimi sikufungi. Kama baba yako anataka kukuoza, nenda. Sitakulaumu."

Akaendelea kuteka maji. Akajitwika mtungi, akaondoka.

Naogopa. Naandika hivyo kwa sababu sina wa kumwambia.

Jumatatu, 17 Machi

Nimerudi jana. Miguu imevimba. Naandika yote sasa, kabla sijasahau.

Jumatano alfajiri nilifungua mlango nikamkuta Nai amesimama uani, amejifunga kibwebwe. "Shikamoo mama. Mzigo uko wapi?" Nikamuuliza kama baba yake anajua. Akasema atajua tukishafika mbali. Ilinipasa kumrudisha. Sikumrudisha. Niliona haya kidogo kwa jinsi nilivyofurahi.

Tulipita Kikatiti bila kusimama. Vumbi, kisha tambarare, kisha vumbi tena. Usiku tulilala kwa mama mmoja wa Kimachame. Alitupa maziwa, hakutuuliza maswali. Kesho yake tulivuka mto Kikafu, maji ya magotini, Nai amenishika mkono kama mimi ndiye mtoto.

Petro hakuwa Moshi mjini. Yuko juu, kwao, kwenye migomba. Tukapanda mlima wa watu wengine. Tulimkuta Ijumaa, anapaua banda la mbuzi. Kijana mrefu, mabega ya mtu wa makaa. Nilishindwa hata kumsalimu. Nai ndiye aliyemwambia, "Huyu ni mama yake Anaeli."

Petro akashuka juu ya banda. Akatuletea vigoda. Ule muda wa kuleta vigoda ulikuwa mrefu kuliko safari.

"Mama, yu mzima," akasema.

Ndipo nikakaa.

Ni kweli, ni Anaeli aliyeungua. Mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko mpaka vidole. Bomba lilipasuka, yeye akamvuta mwenzake nyuma, mvuke ukampata mkononi. Daktari wa meli alimtibu. Ngozi imekuwa laini, inang'aa, vidole vinakunjika. Hatii makaa tena. Yuko jikoni, anamsaidia mpishi. Manowari imeondoka kwenda kusini na Anaeli yumo, na hata Petro hajui itarudi lini. Yeye ataingojea Dar es Salaam.

Nikauliza mbona sikuambiwa. Petro akatazama chini. "Alinikataza, mama. Alisema utakuja kwa miguu mpaka pwani."

Nilikasirika. Kisha nikacheka mpaka Petro akashtuka. Mtoto ananijua.

Nikamuuliza kama mwenzake aliyevutwa alipona. Petro akasema, "Ndiye mimi." Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja akanikumbatia. Tulilia sote wawili, na tulipomaliza akaenda kuchinja jogoo.

Nai aliuliza swali moja tu. "Akiamka asubuhi, mkono unamuuma?"

"Siku za baridi."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa namna ya kupika kitu.

Nilimkabidhi Petro mzigo. Samli ni ya kupaka, ndizi na asali ni za kula. Nikampa na maneno: ng'ombe amezaa jike, kahawa imepaliliwa, mama anakula na kulala. Nisimpelekee huzuni mtu aliye katikati ya maji. Nai naye alimwambia Petro kitu pembeni. Sikusikiliza. Karibu nisikilize.

Jana tulipofika, Baba Nai alikuwa amekaa mlangoni kwangu, fimbo magotini. Nilijiandaa kutukanwa. Nai akamtangulia: "Yu hai, baba. Ameungua mkono wa kushoto. Alimwokoa mwenzake. Mimi ninamngoja."

Baba Nai aliinuka, akamtanguliza bintiye, wakavuka kijito.

Alhamisi, 20 Machi

Kimya kutoka ng'ambo. Nai hajaja. Mtu wa Sakina alionekana jana akipita na watu wawili.

Nimelima. Nimekamua. Nilichoweza kufanya nimefanya. Anaeli yu hai, hilo linatosha kunilaza usingizi. Lakini nyumba imekuwa kubwa.

Jumatatu, 24 Machi

Pasaka imepita vizuri. Masika yameanza. Udongo unanukia.

Mchana Baba Nai amekuja, peke yake. Nilimkaribisha ndani kwa sababu ya mvua. Nikampa mbege, pombe yetu ya ndizi. Tumezungumza habari za malisho. Tumezungumza habari za chui aliyekula mbuzi wa mchungaji. Kibuyu kikaisha nikampa kingine. Mtu wa Sakina hakumtaja mpaka mwisho, na hapo alisema tu kwamba ameichukua asali yake, karudi nayo kwao.

Kisha akaniuliza, "Huyo mtoto akishuka kwenye treni pale Moshi, nani atampokea?"

"Mimi."

Akafikiri. "Ni mbali kwa wanawake peke yenu. Siku hiyo nitakwenda nanyi."

Nikamjazia tena.

Aliondoka mvua ilipopungua. Nimefagia, nimefunga mbuzi. Sasa inanyesha polepole juu ya migomba, na mimi sina ninachongoja leo. Nimekula vizuri. Nalala.