Lenzi Mbili na Shanga za Mama Naisiae

Rafiki yangu Parsaloi,

Nimekasirika, na niliyemkasirikia ni wewe. Nakuambia mapema ili usidhani naandika kukusifu. Sifa ulipewa za kutosha siku ya mazishi, nyingine za uongo.

Tangu uondoke, studio yako ya Kitengela imegeuzwa duka la simu. Kibao kimefutwa nusu. Yamebaki maneno "Picha za Pas". Mkeo, Mama Naisiae, alinikabidhi mfuko wako wa kamera ukiwa na lenzi zote mbili: ile kuukuu uliyoitumia miaka yote, na ile mpya niliyokushurutisha ununue.

Unaikumbuka ile harusi ya Kisaju. Uliniletea picha, nikazikagua kama nilivyozoea kukagua insha. Mkufu mpana wa bibi harusi, ambao wewe siku zote ulitaka kila ushanga wake uhesabike, ulikuwa umeshikana kama uji. Nikafungua simu, nikakusomea wanayoandika wapimaji wa lenzi mtandaoni: kwamba lenzi yako ni butu, hasa pembeni. Nilisoma kwa sauti, kana kwamba niliipima mwenyewe. Ukacheka. "Mwalimu, hao wamepiga picha ya ukuta. Ukuta haupumui, na huko kwao hakuna upepo wa Kisaju."

Sikukusikiliza. Niliyaamini maandishi kuliko nilivyokuamini wewe. Nikakusumbua wiki nzima, hadi ukanunua lenzi waliyoisifu. Picha zikatoka na ukungu uleule. Nikasoma tena, nikampata mpimaji mwingine aliyedai kwamba hata hiyo mpya ina kasoro. Wangeafikiana angalau!

Kisha ukafa, na swali la lenzi ipi ni mbovu likabaki kwangu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenu Kisaju kulimaliza. Nilimwomba Mama Naisiae avae mkufu wake na asimame kando ya ua wa waya, upepo ukivuma na malori ya Namanga yakitimua vumbi. Nilifanya ulivyonifundisha: viwiko mbavuni, pumzi ndani, kidole taratibu. Nilianza na lenzi kuukuu, kisha mpya. Tulizitazama picha pamoja. Shanga zote zilihesabika, Parsaloi. Kwa lenzi zote mbili! Ukiikuza picha sana, mpya inaishinda kidogo ile kuukuu pembeni, kwa hiyo wapimaji hawakudanganya. Lakini ni bibi harusi gani anayesimama pembeni?

Nikamwuliza mkeo: ikiwa lenzi ni nzima, ule ukungu ulitoka wapi? Akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda.

"Mwalimu, Baba Naisiae alikuwa anashika kikombe na mikono mbili. Kwani hukuona? Wewe ulikuwa unaangalia picha tu."

Mikono yako. Nilikunywa chai nawe kila siku saa nne, nikazikosoa pembe za picha, na mikono yako sikuiona. Nawe ulijua! Uliniacha nilaumu kioo. Kwa nini hukusema? Ningekupeleka hospitali. Ningekushikia kamera. Ningenyamaza, hata kunyamaza ningejifunza, katika umri huu.

Au labda ulisema, siku ile uliyotaja ukuta usiopumua, nami nilikuwa nikisoma.

Picha yako ya harusi ya Kisaju nimeitundika sebuleni, na ukungu wake. Wageni huniuliza ni lenzi gani mbovu hiyo. Nawajibu kwamba lenzi ilikuwa nzima kabisa.

Binti yako Naisiae anaolewa mwezi ujao, nami ndiye nitakayepiga picha. Nitatumia ile kuukuu. Mtandaoni sitasoma neno. Kabla ya kuinua kamera nitamtazama yeye, kisha mama yake, nione wanavyoshika vikombe vyao.

Pumzika, ndugu yangu. Mkono wangu bado umetulia. Siku utakapoanza kutetemeka, nakuahidi, nitasema.

Mwalimu