Yai la Kanga Mtungini

Miyuji, 1911

Mdogo wangu Yotham,

Hatujambo, mbuzi mweusi kazaa mapacha. Akida ametuagiza tupike pombe ya uwele, wanaume wote wanywe. Ukarimu huo umekuja na kamba nyingi kuliko vibuyu, maana anataka vibarua wa reli. Kila asubuhi yeye mwenyewe huja kutumbukiza yai la kanga mtungini. Likielea, utamu bado. Likizama, pombe imeiva, watu waitwe. Siku nne shemeji yako Zipora ameongeza asali kwa siri ili yai lizidi kuelea, wanaume wakitoroka mmoja mmoja.

"Mama, pombe yako imegoma kuiva?" Akida akamuuliza.

"Baridi, bwana," Zipora akajibu.

Asali iliisha jana. Leo yai limezama. Mwaliko ukikufikia huko Ihumwa, usije. Mimi nimebaki, kwani mwenye mtungi huonja wa kwanza. Akida ameniwekea kigoda, karibu na kamba.

Kaka yako,
Chiwanga