Malati Amrudisha Dibakar Mahali Pake

Kuni, shoga yangu! Bado nimelowa chapachapa, natetemeka. Yule Dibakar, shemeji yake Malati, aliyemnyang'anya boti aliyoachiwa na marehemu mumewe, eti mwanamke hawezi injini? Leo kapatikana!

Upepo umetukuta mimi, Malati na Dibakar katika boti hiyo, katikati ya ziwa la Chilika. Maji ya kina kifupi, mawimbi mafupi yamebanana, na Dibakar anakazana na mwendo! Boti inapigwa, maji yanaingia.

Dibakar akapiga kelele, "Shemeji, shika usukani wewe!"

Malati katulia tuli. "Boti ya nani?"

Yaani tunazama, yeye anauliza! "Boti ya nani?"

"Yako! Yako, shemeji!"

Ndipo akashika. Akapunguza mwendo, akatusogeza nyuma pua ya boti iinuke, akayakata mawimbi mshazari.

Gatini, mbele ya wavuvi wote, Malati akamwambia Dibakar: "Abiria, tumefika. Shuka."